Mahali Rukia Alipokwama

Mwalimu Kazungu aliniomba nimwachie bikari yangu kubwa ya mbao, ile ya kuchorea duara ubaoni, nami nimemwachia. Ina kilema. Mguu mmoja umelegea, na usipoubana kwa kidole duara lako litatoka yai. Alipoipokea akasema, na maneno je, Bi Zuwena, maneno hutuachii? Nikamwambia maneno yangu mmeyasikia ya kutosha. Lakini sasa ni mwezi wa pili tangu nistaafu, nyumba nimeifagia mpaka majirani wanauliza nina mgeni gani, basi nimeketi kuandika. Nawaandikia nyinyi vijana mnaofundisha hisabati katika ile shule yetu ya kati ya Majengo na Bondeni. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo nilipata vichache, na mshahara mnaujua wenyewe.

Naanza na siku ya kwanza, maana ndiyo iliyonitia aibu. Nilikuwa nimejifundisha sentensi moja nyumbani, mbele ya kioo cha mama: "Jina langu ni Zuwena, na mimi ndiye mwalimu wenu wa hisabati." Nikavaa buibui lililopigwa pasi, nikaingia Kidato cha Pili, nikafungua mdomo. Nikasema, "Jina langu," na sauti ikakataa. Hapo hapo. Watoto wakaanza kuchekeana, mmoja akauliza kama mwalimu hana jina. Nyuma ya darasa ameketi mkuu wa idara, Mwalimu Mghoi, Mtaita mrefu asiyecheka ovyo, amekuja kunitazama. Nilidhani atainuka aniokoe. Hakuinuka. Aliwatazama wale watoto mpaka wakanyamaza, kisha akasema kwa upole kwamba mwalimu anafikiri, nao wafungue vitabu. Nikashika chaki, nikaandika swali la kwanza, somo likaenda. Ile sentensi sikuimalizia siku ile, na baadaye haikuwa na haja tena kwa kuwa jina langu walikwisha kulijua.

Kila nilichokijua cha kazi hii nilikipata kwa Mwalimu Mghoi, chuo kikuu kinisamehe. Chaki mpya ivunje kabla hujaandika, isikulilie ubaoni. Usisahihishe ukiwa na njaa, mwenye njaa hutoa sifuri nyingi. Duara lichore kabla hujaeleza, kwa kuwa ukieleza kwanza mkono hutetemeka. Na kubwa kuliko yote: uliza, kisha nyamaza. Alinionyesha darasani mwangu mwenyewe. Swali halijamalizika, mkono wa mvulana uko juu. Msichana bado ameinamisha kichwa. Mimi, kwa pupa ya ujana, nampa aliyewahi. Mwalimu Mghoi akaniambia, Zuwena, msichana analipika jibu lake mpaka liive, na mvulana analeta unga. Ukimpa nafasi aliyewahi tu, utakula unga miaka yako yote.

Basi nikajifunza kunyamaza, kazi ngumu kwa mtu wa Bondeni. Nauliza, nageuka dirishani, nawatazama wachukuzi wakivuta mkokoteni barabarani, nangoja. Miaka ikaenda hivyo. Wazazi walinijia na mengi. Baba mmoja alikuja kuniambia mtoto wa kike hesabu zake ni za sokoni tu, nisimchoshe. Nikamwambia za sokoni ndizo ngumu, huko kuna muuzaji anayekudanganya huku unahesabu, ya kitabuni haina mdanganyifu. Alicheka, mtoto akaendelea. Wengine hawakucheka, na watoto wao sikuweza kuwazuia. Hilo nalisema wazi ili msidhani nilishinda kila mara. Mwalimu Mghoi alistaafu akarudi kwao Wundanyi, na kiti chake kikapita kwa huyu na yule mpaka kikafika kwa Mwalimu Kazungu.

Mnamjua. Kijana wa Kilifi, mwepesi wa kompyuta, michoro yake ya rangi hutundikwa ofisini kama kalenda. Si mtu mbaya hata kidogo, na haya ninayoyaandika alikwisha kuyasoma kabla yenu, nikamwambia akipata neno la kupinga alipinge. Hakupinga.

Mwaka ule wa mambo haya shule yetu ilichaguliwa kuwa miongoni mwa shule zitakazofanya ule mtihani wa kimataifa wa hisabati, ambamo watoto wa miaka kumi na mitano wa nchi nyingi hupewa maswali ya namna moja, kisha nchi zikapangwa nani juu nani chini. Ilikuwa fahari. Mwalimu mkuu alinunua mapazia mapya, kana kwamba mtihani utakuja kuketi sebuleni. Ili watoto wazoee, tuliandaa majaribio kwa maswali ya mtindo ule ule. Tuliyafanya na Gredi ya Kumi, wavulana na wasichana, tukasahihisha wenyewe.

Matokeo yalitusikitisha. Wavulana walikuwa wa wastani, lakini wasichana walikuwa chini yao mbali sana. Mwalimu Kazungu akachora mchoro wake, nguzo ya buluu na nguzo ya manjano, na ile ya manjano ilikuwa fupi mpaka unaona haya kuitazama. Na jambo halikuishia kwenye mchoro. Mnajua mfumo huu mpya una hisabati mbili, ile kamili na ile nyepesi, na muhula ulikuwa unaelekea ukingoni, kamati ya shule ikutane iamue nani asome ipi. Mwalimu Kazungu alikuja mezani kwangu na chai yake, akaketi, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba anaona karibu wasichana wote wa darasa lile wapelekwe kwenye hisabati nyepesi. Alisema ni kuwahurumia. Kwa nini mtoto abebeshwe mzigo utakaomwangusha?

Nikamuuliza, na Rukia pia? Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Rukia alikuwa miongoni mwa walioshika mkia.

Rukia ndiye mtoto ninayetaka mumjue. Binti mwembamba, mpole, mwandiko wake unasomeka ukiwa mbali. Baba yake ni fundi wa injini za mashua kule Liwatoni, kwenye bandari ya wavuvi, na yeye Rukia tangu udogoni alikuwa akimpelekea chakula cha mchana, akakaa kutazama injini ikifunguliwa na kufungwa. Alitaka kusomea uhandisi wa meli. Hakulisema kwa kelele, alilisema kama mtu anayesema anakwenda dukani. Na mlango wa uhandisi, mnajua, hauingiwi kwa hisabati nyepesi. Akipelekwa huko, meli zake zimezama kabla hajazipanda.

Tena alikuwa anajua. Hilo ndilo lililonikera. Angekuwa hajui ningesema haya, Mungu hakumjaalia. Lakini nilimfundisha mwenyewe, najua nilichokiona.

Nikaitazama karatasi yake ya majaribio. Maswali aliyoyajibu aliyapata yote. Mengine hakuyajibu. Kweupe kabisa, hata nukta. Nikachukua za wasichana wenzake, mambo ni yayo kwa yayo, kweupe na kweupe. Nikachukua za wavulana. Subhanallah! Wao hawakuacha hata nafasi ya kuweka kidole. Mmoja alijibu mpaka lile swali la mfano, ambalo jibu lake limekwisha kuandikwa na wenye mtihani, akalikata akaandika lake, akakosa.

Siku ya pili nikambakisha Rukia baada ya kipindi. Kulikuwa na swali la theluji, maana mitihani hii ya kimataifa haijapata kuja Mombasa. Theluji iko juu ya paa, na kila saa kina chake kinapungua nusu ya kilichobaki. Baada ya saa tatu kitabaki sehemu gani ya kina cha mwanzo? Karatasini hakuandika kitu. Nikamsomea kwa mdomo, nikageuka dirishani, nikanyamaza. Akasema jibu, nalo ni lenyewe. Nikamuuliza amelipataje. Akasema theluji haijui, ila alifikiria barafu ya samaki ya Liwatoni. Nikamuuliza sasa mbona hukuliandika?

"Sikuwa na hakika, mwalimu," akasema. "Na nisilokuwa na hakika nalo nitaliandikaje?"

Nikamuuliza nani aliyemfunza hivyo. Akanitazama kwa mshangao, kama nimemuuliza nani aliyemfunza kuvua viatu mlangoni. Akasema, chuoni, kwa nyanya.

Hapo nikakaa kitako. Maana nami nimesoma chuo cha Qur'ani, na adabu hiyo naijua. Unaposoma Qur'ani mbele ya mwalimu wako, usipokumbuka neno huweki la kwako. Hubahatishi. Maneno si yako, ni ya Mwenyezi Mungu. Wasichana wetu wamelelewa na adabu hiyo tangu meno ya kwanza, wakaichukua nzima nzima wakaiingiza katika chumba cha mtihani. Mtaniuliza, na wavulana je, wao hawakusoma chuo? Walisoma. Lakini wao wakitoka huiacha adabu pale mlangoni, wakavaa viatu wakaenda kucheza mpira. Tena mvulana akikosea watu hucheka, naye hucheka nao. Msichana akikosea huulizwa nani aliyemlea. Hata Dama, mwenzake darasani, aliyelelewa kanisani huko Majengo na hajapata kukanyaga chuo, nilipomuuliza alinipa jibu lile lile la Rukia.

Nikawaambia darasani waandike chochote, kuandika ni bora kuliko kuacha. Wakaitikia naam, mwalimu, kwa adabu nzuri kabisa, na wasifanye. Nilipomshika Rukia peke yake alisema nyanya yake atamwona amedanganya. Nikaona kumbe mlango wa jambo hili hauko shuleni.

Nyanya yake ni Bi Nuru, anayesomesha watoto katika chumba cha chini cha nyumba yake, Bondeni, mitaa miwili kutoka kwetu. Nilikwenda baada ya Alasiri. Nilipiga hodi, tukaulizana hali za watu wote, wazima na wagonjwa, akanikalisha kwenye mkeka wa pembeni, nikaletewa chai ya tangawizi na mahamri. Watoto wako mbele yake wanasoma, huku yeye anazungumza nami kwa sikio moja na sikio la pili liko kwao. Nikamweleza habari ya karatasi nyeupe, na habari ya hisabati nyepesi, na habari ya meli. Nikamwomba amwambie mjukuu wake kwamba mtihani si msahafu, aandike hata kama hana hakika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwalimu, wataka nimfunze mtoto kubahatisha? Abahatishaye leo kwenye hesabu, kesho atabahatisha kwenye dawa ya mgonjwa. Hiyo meli aitakayo, ataitengeza kwa kubahatisha?"

Nawaambia kweli, alisema haki. Ningependa nani atengeneze injini ya meli niliyopanda, yule mvulana aliyekata jibu la mfano? Nikanywa chai yangu. Nikamega hamri. Nikaona safari yangu imekwisha, na nikasikia huzuni ambayo kwa umri wangu nilidhani nimeipita.

Sasa wakati ninakunywa, kitoto kimoja cha kike kilikuwa kinasoma mbele ya Bi Nuru, na katikati kikakwama. Sikukitazama sana. Lakini nikasikia kinarudi mwanzo wa aya, kinasoma tena kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale pale, kikakwama tena. Kikarudi tena. Mara ya tatu Bi Nuru akamtolea mtoto neno lile, naye akalipokea, akaendelea. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakuona haya.

Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza Bi Nuru kwa nini mtoto yule hakunyamaza tu alipokwama.

"Akinyamaza," akasema, "nitajuaje alipokwama?"

"Basi Bi Nuru," nikamwambia, "Rukia kwenye karatasi yangu amenyamaza."

Akanitazama. Watoto nao wakaacha kusoma, watoto hawapitwi na kitu. Akaniuliza polepole kama kumbe sitaki abahatishe. Nikasema sitaki. Nataka anisomee kwa sauti mpaka pale alipofika, aniambie amekwama hapa, nami nijue. Na wenye mtihani hutoa alama kwa ajili ya njia, hata jibu lisipopatikana. Akafikiri kidogo, kisha akaita, "Rukia, ndoo hapa." Rukia akatokea nyuma ya pazia upesi mno, maana bila shaka hakuwa mbali nalo.

"Msomee mwalimu wako mpaka unapokwama," nyanya yake akamwambia. "Ukishakwama, rudi mwanzo. Ukikwama tena, mwambie nimekwama. Hapo hujamdanganya mtu."

Neno lenyewe lilikuwa hilo. Mimi na vitabu vyangu vyote vya ualimu nilikuwa nalitafuta kusudi, na lilikuwa limelala ndani ya desturi ile ile niliyokwenda kuipinga.

Kazi ikaanza. Nilikusanya raba zote nikazitia katika kopo la maziwa juu ya kabati, kwa sababu nilikwisha kuona wanaandika njia nzuri kisha wanaifuta ili karatasi ing'are. Nikaweka sheria moja ubaoni: kukwama ni kwa sauti. Kila mtu aandike anachokijua, na akikwama aandike amekwama wapi na kwa nini. Kwenye maswali ya kuchagua, asichague alichokibuni. Aanze kwa kukata yale ambayo ana hakika siyo. Kukata wanalolijua siyo hawakuona dhambi, na mara nyingi likabaki moja peke yake, nalo ndilo. Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. Mmoja aliandika, "Nimekwama tangu mwanzo, samahani mwalimu." Mwingine alikwama hata kwenye tarehe. Wavulana nao sikuwasaza, niliwataka waandike "sina hakika" pale wasipokuwa nayo, na ikawauma kweli kweli. Yule wa swali la mfano alininunia siku nyingi.

Nikamwendea Mwalimu Kazungu nikamwomba majaribio ya pili kabla kamati haijakaa. Akasema ni haki. Nikamwomba asahihishe yeye, si mimi, ili isije ikasemwa nimewapendelea wasichana wangu, na kweli ningewapendelea. Akakubali. Siku ya majaribio nilipita kati ya madawati kama askari asiye na kazi. Rukia alikuwa ameinama, anaandika, anaacha, anarudi juu ya ukurasa, anafuata mistari yake kwa kidole na midomo inacheza. Nilijua anachofanya. Alikuwa amerudi mwanzo wa aya.

Mwalimu Kazungu alisahihisha ofisini. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kwa makusudi, najifanya napanga vitabu. Mara akaita, "Bi Zuwena, hebu njoo." Sauti yake haikuwa ya kawaida, nikadhani ni mabaya.

Alikuwa ameshika karatasi ya Rukia. Swali lilikuwa ndugu wa lile la theluji. Mgonjwa amemeza dawa, na kila saa nusu ya iliyobaki hutoka mwilini. Mwanafunzi mmoja anasema itafika saa ambayo haitabaki hata chembe. Je, kwa kanuni hii asema kweli? Eleza. Karibu darasa zima, wavulana kwa wasichana, waliandika ndiyo, itakwisha, kila kitu huisha. Rukia aliandika hesabu zake zote, nusu, robo, thumni, akishuka mpaka chini ya ukurasa, na chini yake maneno haya, ambayo Mwalimu Kazungu alinisomea:

"Nimegawanya mara nyingi na kila mara kinabaki kitu. Nimerudi mwanzo, bado kinabaki. Dawa ya kweli huisha, kwa hivyo lazima nimekosea mahali, lakini mahali penyewe sijapaona. Hapa nimekwama."

Mwalimu Kazungu akavua miwani. "Bi Zuwena," akasema, "mtoto huyu hakukwama. Amefika."

Na ndivyo. Hilo ndilo lililokuwa jibu lenyewe. Kwa kanuni ile dawa haimaliziki kamwe, kila mara hubaki kitu, na ajabu yake ndiyo swali lilikuwa linaitafuta. Alifika mwisho wa njia, akasimama, akadhani amepotea. Nikafikiria majaribio ya kwanza, ile theluji, na swali jingine kama hili lililokuwa chini yake, nalo likabaki kweupe. Huenda siku ile pia alikuwa amefika hapo hapo, peke yake, hakuna aliyemsikia. Nilitokwa na machozi, na sikujali aliyeniona. Mwalimu Kazungu aliniletea chai, akatia sukari nyingi kama anayehani msiba.

Kwenye kamati alisimama yeye. Mimi sikuhitaji kufungua mdomo. Alipeleka mchoro wake mpya, na ile nguzo ya manjano bado ilikuwa fupi kuliko ya buluu, sitawadanganya, lakini ilikuwa imeinuka kiasi cha mtu kuitazama bila haya. Alisema tusimhukumu mtoto kwa alichokinyamazia. Wasichana wengi wa darasa lile walipelekwa kwenye hisabati kamili. Wachache walikwenda nyepesi, na mmoja wao alinishukuru, hakupata kuzipenda hizi hesabu na sasa analala vizuri. Rukia alipita. Nilipomweleza kuhusu lile swali aliichukua karatasi yake, akafuata mistari kwa kidole mpaka chini. Kisha akauliza, kumbe pale ndipo palikuwa mwisho? Nikamwambia ndipo. Akasema basi mwalimu, mtu atajuaje? Nimefundisha maisha yangu yote na swali hilo sina jibu lake, nikamwambia hivyo hivyo, nimekwama.

Mtihani wenyewe wa kimataifa ulikuja ukapita. Watu wageni waliusimamia, karatasi zikachukuliwa, mapazia yakabaki. Matokeo hutolewa ya nchi nzima, hayana jina la mtoto wala la shule, kwa hivyo Rukia alipata nini hatutajua kamwe. Itakapotangazwa kwamba wasichana wa mahali fulani wako chini au juu, nyinyi msikilize kwa heshima, ni kazi ya watu waliosoma. Lakini ukirudi darasani kwako na ukamkuta msichana ameacha kweupe, usiandike kwamba hajui. Kamuulize. Kisha nyamaza, umtazame mchukuzi na mkokoteni wake.

Siku yangu ya mwisho sikutaka sherehe ukumbini. Niliomba kipindi kimoja na darasa la Rukia, basi. Nilifanya nao swali, nikachora duara kwa ile bikari kilema, likatoka zuri. Kengele ilipokaribia nikasema nataka kuwaambia neno. Nilikuwa nimelipanga, la shukrani, na la Mwalimu Mghoi, na la miaka. Nikasema, "Wanangu," na sauti ikakataa.

Nikajaribu tena. Hakuna. Nimesimama na chaki mkononi, mwanamke mzima, kama siku ile ya kwanza. Lakini safari hii hakuna aliyecheka. Walinyamaza wote, wavulana na wasichana, wakaningoja, na nilijua nani aliyewafunza kungoja vile. Kisha kutoka dawati la tatu nikasikia sauti ndogo ya Rukia.

"Rudi mwanzo, mwalimu."

Nikarudi mwanzo. Nilirudi mbali kuliko alivyodhani.

"Jina langu ni Zuwena," nikawaambia, "na mimi ndiye mwalimu wenu wa hisabati."